KILICHOFUKIWA HAKIJAISHA: Safari ya uchafu na joto katika maji ya chini ya udongo



Katika ukurasa wa somo leo tunaleta jambo moja linalogusa fizike, shimi na jiografia, na tena linagusa kikombe cha maji alichokunywa kila mmoja wetu asubuhi. Ulizo letu ni hili: tukichimba shimo, tukitia uchafu ndani na kufunika na udongo, ule uchafu unaenda wapi?

Hapa Bunia watu wengi wanajibu: «Tumeisha kuzika, mambo imekwisha.» Jibu hili linafurahisha, kwa sababu macho hayaoni kitu tena na pua haisikii harufu. Lakini jibu hili si la kweli. Chini ya udongo kuna maji, na maji yale yanatembea. Kitu kilichofukiwa kinaweza kupanda gari la maji na kusafiri mpaka kisima cha jirani. Katika somo hili tutatafuta kujua namna tatu: maji yanakwenda mbio gani, ni mizigo gani inayobebwa upesi na gani inayobaki nyuma, na joto linasafiri namna gani. Kiisha tutarudi katika parseli zetu ili tuone la kufanya.

1. MAJI YA CHINI NI YA NAMNA GANI

Wengine wanafikiri kwamba chini ya miguu yetu kuna mto unaopita katika pango. Sivyo. Kamata kikombe, ukijaze na mchanga mkavu mpaka juu, kiisha umwange maji polepole. Kikombe kilikuwa kimejaa, lakini kinakubali maji tena! Ni kwa sababu kati ya chembe na chembe kuna nafasi ndogo. Udongo wetu ni vilevile. Mvua ikinyesha, sehemu moja inakimbia juu mpaka katika kijito cha Nyamukau ao mto Shari, sehemu nyingine inarudi hewani, na sehemu ya tatu inashuka katika zile nafasi ndogo. Inashuka mpaka mahali ambapo nafasi zote zimejaa maji. Uso wa maji yale tunauita meza ya maji.

Kisima ni dirisha tu lililotobolewa mpaka meza ile. Chemchemi ni mahali ambapo mteremko wa mlima umeikata meza na maji yanatoka nje yenyewe. Basi kisima cha Mudzipela, cha Lumumba ao cha Nyakasanza hakina maji yake ya pekee. Kinakopa maji yanayopita, yaliyotoka kwa jirani wa juu na yanayokwenda kwa jirani wa chini. Tushike neno hili vizuri, maana somo lote linasimama juu yake.

Meza ya maji haikai mahali pamoja mwaka mzima. Kiangazi cha mwezi wa 12 mpaka wa 2 inashuka, na kamba ya ndoo inakuwa fupi. Wakati wa mvua nyingi inapanda. Shimo la choo ambalo chini yake palikuwa pakavu mwezi wa kwanza linaweza kusimama ndani ya maji mwezi wa kumi.

2. MAJI YANAKWENDA MBIO GANI

Aliyetupa kanuni ni Mfaransa mmoja, Henry Darcy, injinia wa mji wa Dijon. Alijaza mchanga katika bomba kubwa lililosimama, akapitisha maji, akapima. Mwaka 1856 alitangaza kwamba maji yanayopita ndani ya mchanga yanafuata mambo mawili: mteremko wa maji, na uwezo wa ule mchanga kupitisha maji. Sisi tunaongeza jambo la tatu, nafasi zilizo kati ya chembe, kwa sababu maji hayapiti katika chembe zenyewe bali katika nafasi tu.

Tuandike hivi katika kaye:

mwendo = (uwezo wa kupitisha x mteremko) : sehemu ya nafasi

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme meza ya maji inashuka mita 2 katika urefu wa mita 100. Mteremko ni 0,02. Udongo wa kwanza ni mchanga laini wenye uwezo wa mita 1 kwa siku, na nafasi zake ni 0,20. Tunapata 1 x 0,02 : 0,20 = 0,10. Maji yanatembea sentimeta 10 kwa siku. Ili kuvuka mita 30 yanataka siku 300, karibu miezi kumi.

Udongo wa pili ni ule mwekundu wa mawe-mawe, wenye mianya na njia za mizizi na za mchwa, ao mwamba uliopasuka. Tuseme uwezo ni mita 20 kwa siku, na nafasi ambazo maji yanapita kweli ni 0,05 tu. Mteremko ni uleule. Tunapata 20 x 0,02 : 0,05 = 8. Mita 8 kwa siku! Mita 30 zinamalizika katika siku chini ya nne.

Angalieni vizuri: mtu akisimama juu hatatambua tofauti. Majani ni yaleyale, mteremko ni uleule, lakini chini mmoja anatembea kama kinyonga na mwingine anakimbia. Njo maana haitoshi kuuliza: «Choo iko mbali ya mita ngapi?» Tunapaswa kuuliza pia: «Ni siku ngapi?»

3. MIZIGO HAISAFIRI SAWASAWA

Maji ni gari, lakini abiria hawafanani. Tuangalie mambo manne yanayowapata njiani.

La kwanza ni kubebwa. Kitu kilichoyeyuka kinakwenda na maji, mwendo mmoja. Chumvi ni hivyo. Nitrati pia ni hivyo, na nitrati inatoka kwa mkojo na mavi ya watu na ya nyama wa kufugwa. Udongo haushiki nitrati, na kama hewa iko katika maji, nitrati haipotei.

La pili ni kutawanyika. Maji yanagawanyika kila yanapokuta chembe. Mengine yanapita kushoto, mengine kuume, mengine yanapata njia pana na kutangulia. Ukitia tone la wino wa buluu mahali pamoja katika mchanga wenye maji yanayotembea, halitafika kama tone. Litafika kama mkia mrefu unaopanuka, wenye rangi hafifu. Jambo hili ni jema na baya. Ni jema kwa sababu uchafu unapunguzwa nguvu. Ni baya kwa sababu unagusa visima vingi, na sehemu ya mbele inafika kabla ya siku tulizohesabu.

La tatu ni kushikwa. Chembe za mfinyanzi na za udongo mwekundu wenye chuma zinapenda kukamata vitu vingine, kama shati linavyokamata wino. Metali nyingi zinashikwa hivi. Tuseme kitu fulani kinakaa kimeshikwa muda wa siku 9 katika kila siku 10, na kinatembea siku 1 tu. Basi mwendo wake ni sehemu ya kumi ya mwendo wa maji. Katika udongo wetu wa kwanza hakitavuka mita 30 kwa siku 300 bali kwa siku 3 000, zaidi ya miaka minane. Wengi watasema: «Unaona, hakuna uchafu!» Uchafu uko; bado uko njiani.

Hapa Ituri jambo la kushikwa linatuhusu, kwa sababu ya zebaki, ile wachimbaji wa zahabu wanaita merkire. Wanaitumia ili kukusanya chembe za zahabu, kiisha wanaichoma. Sehemu kubwa inakuwa moshi, ambao ni sumu kwa anayeuvuta, na sehemu nyingine inabaki katika mchanga uliooshwa na tope la vijito. Udongo unaishika, lakini hauiui. Zebaki haiozi. Katika tope lisilo na hewa, mikrobe zinaweza kuigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia katika samaki. Mawe ya radio na ya torshi tunayotupa shimoni yana metali pia, nazo zinangoja tu.

La nne ni kufa. Mikrobe za kuhara na za kolera ni vitu vyenye uzima. Nje ya mwili wa mtu, katika udongo wenye giza, nyingi zinakufa kadiri siku zinavyopita. Tena chembe za mchanga zinazichuja. Kwa sababu hii nchi ya Ujerumani iliweka kanuni ya kuzunguka visima vya miji: eneo ambalo maji yake yatafika kisimani kabla ya siku 50 linalindwa sana, ili mikrobe zife njiani.

Tuchukue kanuni hii ya siku 50 katika hesabu yetu. Katika udongo wa kwanza, siku 50 ni mita 5. Katika udongo wa pili, siku 50 ni mita 400! Sasa tunaelewa kwa nini watu wawili wanaweza kuweka choo mita 30 kutoka kisimani, mmoja akakaa salama na mwingine akapeleka watoto hospitali.

4. JOTO NALO LINASAFIRI

Wengi wetu tumekwisha kuona shimo la takataka likitoa mvuke asubuhi ya baridi. Hakuna aliyewasha moto. Ni mikrobe zinazokula maganda ya ndizi, majani ya mihogo na mabaki mengine. Katika kula kwao zinatoa joto. Katika fungu zuri la mbolea ya majani joto linaweza kufika digre 60. Joto lile linashuka pia katika udongo na katika maji yake.

Joto lina njia mbili. Ya kwanza ni kubebwa na maji. Lakini joto haliwezi kukimbia sawa na maji, kwa sababu kila mahali linapofika linapaswa kupasha chembe za udongo pia. Tuhesabu kwa kifupi. Katika udongo wetu wa kwanza, sehemu 0,20 ni maji na 0,80 ni chembe. Chembe zinataka karibu nusu ya joto ambalo maji ya ukubwa uleule yanataka. Basi maji yanataka 0,20, chembe zinataka 0,40, jumla 0,60. Gawanya 0,60 kwa 0,20: ni 3. Joto linakwenda mara tatu polepole kuliko maji. Maji yanafika mita 30 kwa siku 300, joto kwa siku 900.

Njia ya pili ni ya kupita katika chembe zenyewe, kama joto linavyopanda katika mpini wa kijiko kilicho ndani ya chai. Njia hii haina lazima ya maji kutembea. Hapa joto linashinda uchafu: katika mwaka mmoja linaweza kuenea kadiri ya mita 5 katika udongo ambao maji yake yamesimama kabisa, lakini chumvi iliyoyeyuka, ikiachwa ienee peke yake, inapata kama shubiri moja tu. Ukuta wa mfinyanzi unaweza kuzuia uchafu, lakini hauwezi kuzuia joto.

Sasa, joto linapofika linafanya nini? Kwanza, maji ya moto ni mepesi. Lita moja ya maji ya digre 20 ina gramu 998. Ya digre 60 ina gramu 983. Yale mepesi yanatafuta kupanda, na ya baridi yanaingia pahali pao. Pili, maji ya moto ni laini; ya digre 60 yanapita katika mianya mara mbili rahisi kuliko ya digre 20. Tatu, mikrobe zinazokula takataka zinamaliza hewa yote iliyo katika maji. Maji yasiyo na hewa yanayeyusha chuma cha udongo mwekundu. Yakitoka nje na kukutana na hewa tena, kile chuma kinakuwa kutu. Mkiona chini ya shimo la takataka maji yanayotoka ya rangi ya kutu, yenye ngozi nyembamba inayong'aa juu, mjue kwamba inawezekana fungu lile linawasalimu. Lakini msihukumu upesi, maana mabwawa ya asili yanafanya hivyo pia.

5. SHIMO LA UCHAFU LENYE MIAKA MILIONI ELFU MBILI

Hapa tunaondoka Bunia kidogo, tunakwenda Gabon, kwa sababu katika bara letu la Afrika kuna fundisho kubwa la uchafu wenye joto uliofukiwa ndani ya maji.

Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa walikuwa wakipima uraniumu iliyotoka katika machimbo ya Oklo. Katika uraniumu yote ya dunia, namna ile inayoweza kupasuka na kutoa nguvu, inayoitwa uraniumu 235, ni atomu 0,720 katika kila mia. Ile ya Oklo ilikuwa pungufu: 0,717. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini hawakuidharau. Walitafuta mpaka wakagundua kwamba mwamba ule, karibu miaka milioni elfu mbili iliyopita, uliwaka wenyewe kama mashine ya nguvu za atomu. Wakati ule uraniumu 235 ilikuwa karibu 3 katika mia, na maji ya chini yaliyopita katika mwamba yalisaidia mpasuko kuendelea.

Maji yenyewe ndiyo yaliyotawala moto ule. Mwamba ulipopata joto sana, maji yaligeuka mvuke na kuondoka, na mpasuko ukasimama. Mwamba ulipopoa, maji yalirudi, na kazi ikaanza tena. Wataalamu waliopima gesi iliyobaki katika mawe walihesabu kwamba ilikuwa inawaka kama nusu saa na kupumzika saa mbili na nusu. Mambo haya yalidumu miaka mamia ya maelfu.

Na uchafu wake? Ndilo fundisho. Plutoniamu iliyozaliwa pale haikutembea karibu hata kidogo. Mwamba na mfinyanzi viliishika mpaka ikageuka kitu kingine. Lakini vitu vingine, kama sesiamu na iodini, vilipotea kwa sehemu kubwa; maji yalivichukua. Shimo moja, maji mamoja, lakini abiria hawakusafiri sawasawa. Ni kanuni ileile tuliyoandika hapa juu kwa nitrati na zebaki.

Nchi ya Finland imechimba chini ya mwamba, mahali panapoitwa Onkalo, zaidi ya mita 400, ili kuzika uchafu wa mashine zao za atomu. Uchafu ule ungali na joto. Wanaufunga katika mitungi ya shaba, kiisha wanazungusha mfinyanzi unaovimba ukipata maji, ili maji yasitembee. Na mitungi inapangwa mbali mbali, kusudi joto lisipite digre 100 na kuharibu mfinyanzi. Kabla ya kuzika walipima mwamba ule miaka mingi. Tajiri mwenye mashine zote za dunia anauliza maulizo yaleyale yanayotupasa sisi wenye jembe na sepetu: Maji yako wapi? Yanaelekea wapi? Yatafika siku gani?

6. TURUDI KATIKA PARSELI ZETU

Mwaka 1854, mjini London, kolera iliua watu zaidi ya 600 katika kartie moja. Daktari John Snow aliandika mahali kila maiti ilipotoka, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pompi moja, ya barabara ya Broad Street. Watu waliyapenda maji yale. Baadaye walichimba wakaona shimo la uchafu lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na kuta zake zimeoza. Katika nyumba ya shimo lile kulikuwa na mtoto mchanga aliyekufa kwa kuhara, na maji ya kufulia nguo zake yalitupwa humo. Basi tusiseme tena: «Maji hii iko safi, inang'aa.» Kung'aa si usafi. Mikrobe na nitrati hazina rangi.

Kanuni inayofuatwa na wanaosaidia wakimbizi ulimwenguni ni hii: choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima, na chini ya shimo kibaki angalau mita 1 na nusu juu ya meza ya maji. Ni kanuni nzuri ya kuanzia. Lakini tuipime kwa mita za Bunia. Mji wetu ulipokea watu wengi waliokimbia vita, mwaka 2003 na tena tangu mwisho wa 2017, wakati vijiji vya Djugu vilipochomwa. Watu waliongezeka, parseli zikakatwa vipande. Tuseme parseli ina mita 20 kwa 25. Tukiweka choo katika pembe moja na kisima katika pembe inayoelekeana, tunapata mita 32. Tumefaulu! Lakini jirani naye ameweka choo chake katika pembe yake, na pembe yake ni ukuta wa kisima chetu.

Hapa fizike inatufundisha adabu. Hakuna mwenye kisima anayeweza kukilinda peke yake. Anayekaa juu ya mteremko anaweza kunywa maji mazuri miaka yote, na choo chake kikamwumiza mtu wa chini asiyemjua. Wa chini atatafuta mchawi, kumbe ni maji tu yanafuata mteremko. Kwa hiyo mahali pa choo na mahali pa takataka si siri ya nyumba. Ni neno la kuzungumza na majirani na mkubwa wa avenue, kabla sepetu haijagusa udongo. Ugomvi wa kabla ya kuchimba ni mdogo kuliko ule wa baada ya kilio.

7. KUTAFUTA MAHALI MAJI YANAELEKEA

Kazi hii wanafunzi wanaweza kuifanya. Inataka visima vitatu visivyo katika mstari mmoja, kamba yenye jiwe, metre, na tiyo ya plastiki inayoonekana ndani, iliyojaa maji. Maji katika ncha mbili za tiyo yanasimama sawasawa. Kwa njia hii, toka kijiti mpaka kijiti, tunaweka alama moja ya usawa katika visima vyote vitatu. Ombeni ruhusa ya wenye visima, na pimeni asubuhi mapema kabla watu hawajateka.

Toka alama ile, tupime mpaka uso wa maji. Tuseme kisima A kina mita 6, B mita 6, na C mita 7. A na B viko sawa. Basi maji hayaendi toka A kwenda B. Yanakwenda kukata mstari wa A na B, kuelekea upande wa C. Kama C iko mita 50 kutoka mstari ule, mteremko ni 1 : 50, ndiyo 0,02. Sasa mnajua wapi pasipofaa kuweka choo: upande wa juu wa C. Mara nyingi maji ya chini yanafuata mteremko wa kilima, lakini si siku zote. Njo maana tunapima.

8. MAMBO YA KUSHIKA

- Weka kisima juu, choo chini ya mteremko, na mita 30 ao zaidi kati yao. Pale penye mawe yaliyopasuka, mita 30 hazitoshi.
- Usichimbe choo mpaka ukute maji. Ukikuta maji, rudisha udongo, ao jenga choo kilichoinuliwa juu.
- Kisima kiwe na mdomo wa simenti, kifuniko, na ndoo moja isiyokaa chini. Uchafu mwingi hauji kwa njia ya chini. Unaanguka kwa mdomo.
- Chemsha maji ya kunywa ao tia dawa ya klori kwa kipimo. Lakini kumbuka: moto na klori vinaua mikrobe, haviondoi nitrati wala zebaki. Kuchemsha sana kunazidisha nitrati, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Shirika la Afya la Dunia linasema isipite miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga.
- Tenga takataka. Zinazooza ziwe mbolea ya shamba, juu ya udongo. Mawe ya radio, dawa na vyupa vya sumu ya wadudu visiingie shimo moja na hizo.
- Shimo likijaa na kufunikwa, andikeni mahali lilipo. Mwenye kununua parseli kesho anaweza kuchimba kisima palepale.

MAULIZO

1. Udongo una uwezo wa mita 5 kwa siku, mteremko 0,01 na nafasi 0,25. Maji yanataka siku ngapi ili kuvuka mita 30? Je, kanuni ya siku 50 imefuatwa?
2. Katika udongo uleule, kitu fulani kinashikwa siku 3 katika kila siku 4. Kitavuka mita 30 kwa siku ngapi?
3. Kwa nini ukuta wa mfinyanzi unazuia chumvi lakini hauzuii joto?
4. Mama mmoja anasema: «Kisima yetu iko na miaka kumi, hakuna mtu aliyegonjwa, basi iko muzuri.» Mjibu kwa heshima, ukitumia neno «kushikwa» na neno «njiani».
5. Chora avenue yenu, vyoo vyake, visima vyake na mashimo ya zamani. Uliza wazee, maana wanakumbuka mashimo ambayo majani yamekwisha kufunika.

Ulizo la tano lina maksi nyingi kupita yote. Mchoro mkiisha kuumaliza, msiuache katika kaye; uwekeni juu ya meza ya baba na mama, nao wauone.